Sahani Yenye Saini Mbili: Jogoo wa Firenze na Herufi za Gubbio

Swali: Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Malindi hadi nilipostaafu. Mama mmoja wa Kiitaliano, jirani yangu wa miaka mingi, alipouza nyumba yake na kurudi kwao aliniachia sahani kubwa ya ukutani, yenye upana wa sentimita 32 hivi. Katikati amechorwa mtoto mwenye mabawa aliyefungwa kitambaa machoni, na ukingoni kuna majani na samaki wa ajabu. Ukiigeuza mwangani, sehemu nyingine hung'aa kama dhahabu na nyingine huwa nyekundu kama akiki. Nyuma kuna maandishi yenye mng'ao huohuo: “1525 M°G° da Ugubio”. Hapo karibu kuna jogoo mdogo wa buluu aliyechorwa kwa mkono, na chini yake neno “Italy”. Kijana anayenunua vitu vya kale ameniambia kwamba sahani ina miaka 500 na kwamba jogoo ni nembo ya ukoo uliokuwa ukiimiliki. Mtu mwingine ameniambia ni kitu cha kiwandani tu. Ni nani aliyeitengeneza? Na je, naweza kuwekea matunda wageni wakija?

Jibu: Mwalimu, nakushukuru kwa picha zilizo wazi, hasa zile za mgongo wa sahani, kwani wengi hunitumia uso wa chombo peke yake ilhali ushahidi karibu wote uko nyuma. Nianze na jibu lenyewe. Sahani yako imetoka katika karakana ya Cantagalli ya mjini Firenze, na kila dalili inaonyesha kwamba ilitengenezwa baada ya mwaka 1891. Ni nakala, iliyofanywa kwa ustadi mkubwa, ya kazi za Maestro Giorgio Andreoli, ambaye alikuwa na karakana yake katika mji mdogo wa Gubbio, katikati ya Italia, mwanzoni mwa karne ya 16; maandishi “M°G° da Ugubio” maana yake ni “Maestro Giorgio wa Gubbio”. Yule kijana basi amekosea kwa karibu karne nne. Yule wa pili naye hakupata, maana maneno “kitu cha kiwandani tu” hayakistahili chombo kilichochorwa chote kwa mkono na kupita motoni mara tatu.

Ugumu wa sahani hii ni kwamba ina saini mbili, nazo zinapingana. Moja inataja Gubbio na mwaka 1525. Nyingine ni mchoro wa jogoo usio na mwaka wala jina. Macho ya mnunuzi hukimbilia ile yenye mwaka, na hilo ni jambo la kibinadamu, lakini mwenye kazi hii hujiuliza kwanza ni saini ipi ambayo mtu angenufaika kwa kuibandika. Herufi za Maestro Giorgio huongeza thamani ya chombo mara nyingi sana. Jogoo haongezi kitu. Kwa anayetaka kuuza sahani kama ya kale, jogoo ni hasara tupu. Alama inayomharibia muuzaji biashara, nayo ikaachwa mahali pake, ndiyo ninayoanza kuisikiliza.

Hata hivyo dhana hiyo peke yake haitoshi kumshawishi kijana wako, na kwa bahati sahani yenyewe ina ushahidi ulio mgumu kuliko huo. Ili uuone, sharti tuelewe kwanza jinsi chombo cha aina hii kinavyotengenezwa.

Vyombo hivi huitwa majolika. Mfinyanzi huoka udongo mara ya kwanza, kisha huuchovya katika maji mazito ya glezi, yaani ule utando wa kioo unaofunika udongo, ambao hapa hutiwa risasi na bati ili uwe mweupe kabisa na kuficha rangi ya udongo iliyo chini. Glezi hiyo hukauka na kuwa unga, na mchoraji huchora juu ya unga huo kabla haujarudi motoni. Brashi ikigusa tu, unga hunywa rangi papo hapo, wala hakuna kufuta. Katika moto wa pili unga, rangi na udongo hushikana, na mchoro huwa sehemu ya kioo chenyewe. Buluu ya kobalti ni miongoni mwa rangi za moto huu wa pili, na jogoo wako ni wa buluu hiyo.

Mng'ao wa dhahabu na wekundu wa akiki ni kazi nyingine, inayoanza baada ya hapo. Ufundi wake juu ya vyombo vya udongo uliibuka Iraki katika karne ya 9, ukapita Misri na Hispania ya Waislamu kabla ya kufika Deruta na Gubbio; na kwa kuwa wewe ni mtu wa pwani, huenda ikakupendeza kujua kwamba vigae vya vyombo vyenye glezi nyeupe vya zama hizohizo, kutoka nchi hizohizo za Ghuba, vimefukuliwa Manda na Shanga. Fundi huchukua chumvi za fedha na za shaba, huzichanganya na udongo mwekundu, huzipaka juu ya sahani iliyokwisha kamilika, na kuiingiza mara ya tatu katika tanuri lenye joto la chini, nyuzi 600 hivi za Selsiasi. Kuelekea mwisho hulinyima tanuri hewa na kulijaza moshi. Moshi huo, kwa njaa yake ya oksijeni, huinyang'anya ile iliyomo katika chumvi, na kinachobaki juu ya glezi ni utando mwembamba mno wa metali: fedha hutoa rangi ya dhahabu, shaba hutoa wekundu. Sahani hutoka ikiwa imejaa masizi, na ni baada ya kusuguliwa ndipo mng'ao huonekana, au hukosekana. Cipriano Piccolpasso wa Castel Durante, aliyeandika habari za ufundi huu karibu na mwaka 1557, alisema kwamba katika vyombo mia vilivyojaribiwa motoni mara nyingi hata sita vilivyo vizuri hupatikana kwa taabu.

Sasa chukua sahani yako, Mwalimu, uipeleke dirishani asubuhi, wakati mwanga unapoingia kwa ubavu, na uishike huku mgongo wake ukikutazama. Ukitumia kioo cha kukuzia, utaona jambo ambalo katika picha yako linaonekana kwa shida kidogo lakini linaonekana: mkia wa herufi ya mwisho ya “Ugubio”, ule uliovutwa kwa madaha kuelekea chini, unapita juu ya manyoya ya mkia wa jogoo. Mahali vinapokutana, buluu haikatiki. Iko chini, imetulia ndani ya glezi, na mng'ao umeifunika kama jasho juu ya kioo. Jogoo alichorwa kabla ya moto wa pili. Maandishi ya mwaka 1525 yaliwekwa kabla ya moto wa tatu. Maana yake ni kwamba jogoo ametangulia, na ile saini inayodai kuwa na miaka 500 iliandikwa juu ya chombo ambacho tayari kilikuwa na jogoo wa Firenze mgongoni.

Mtu anaweza kupinga kwa kusema kwamba jogoo huenda aliongezwa baadaye, kwa rangi ya kawaida, na mtu asiyejua thamani ya alichokishika. Hoja hiyo hujaribiwa kwa ukucha. Rangi iliyopakwa juu ya glezi iliyokwisha ungua hukaa juu yake. Ukipitisha ukucha polepole utahisi kijiukingo, na chini ya kioo cha kukuzia utaona kingo zake ni kali na mng'ao wake ni tofauti na wa glezi inayoizunguka. Buluu iliyoungua pamoja na glezi haina ukingo wa kuhisika, na pembezoni huwa imetawanyika kidogo, kama wino juu ya karatasi yenye unyevu. Katika picha yako ya karibu, mguu wa kushoto wa jogoo umetawanyika hivyo hivyo. Usijaribu kusugua kwa asetoni wala kwa dawa yoyote, kwa sababu dawa inayoweza kuondoa rangi ya juu inaweza pia kudhuru matengenezo ya zamani yasiyoonekana.

Kuhusu neno “Italy”, nalo ni shahidi mzuri. Mfinyanzi wa mwaka 1525 hakuwa na sababu yoyote ya kuandika jina la nchi, na kwa Kiingereza hata kidogo. Italia kama dola moja ilizaliwa mwaka 1861. Kabla ya hapo mfinyanzi aliyetaka kujitambulisha alitaja mji wake, kama Urbino, Faenza, Deruta au Gubbio. Jina la nchi kwa Kiingereza lilianza kuonekana kwa wingi migongoni mwa vyombo baada ya sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890, iliyoanza kutekelezwa mwaka 1891, kuagiza kwamba bidhaa zinazoingia nchini humo ziandikwe zilikotoka. Sahani yako basi ilitengenezwa kwa ajili ya mnunuzi wa ng'ambo, pengine Mmarekani aliyekuwa akipamba chumba chake cha kulia, ingawa kama tuonavyo si kila chombo kilichoandikwa hivyo kilisafiri kwenda kilikokusudiwa. Neno lenyewe limeandikwa kwa buluu ileile na kwa brashi yenye upana uleule wa jogoo, nami sina shaka kwamba viwili hivyo ni kazi ya mkono mmoja katika dakika moja.

Huyo jogoo ni wa nani, basi? Ulisse Cantagalli alizaliwa mwaka 1839 katika ukoo uliokuwa ukifinyanga vyombo vya kawaida vya nyumbani huko Firenze. Mwaka 1878 yeye na ndugu yake walichukua uongozi wa karakana, ambayo kibiashara iliitwa Figli di Giuseppe Cantagalli, yaani wana wa Giuseppe Cantagalli, na yeye akaigeuza iwe mahali pa kunakili kazi bora za zamani. Wakati ulimsaidia. Majumba ya makumbusho ya Ulaya na matajiri wa Uingereza walikuwa wakigombania majolika ya karne ya 16, bei zilipanda, na wale wasiofikia bei hizo walitaka kitu kinachofanana. Cantagalli aliwapa sahani za mtindo wa Urbino, Faenza, Deruta na Gubbio, sanamu za ukutani za mtindo wa ukoo wa della Robbia, wachongaji wa zamani wa Firenze, na pia vyombo vya mtindo wa Iznik ya Uturuki, wa Uajemi na wa Hispania ya Waislamu. Alivimudu vyote, na mimi kwa upande wangu huona nakala zake za Iznik kuwa nzuri kuliko za Kiitaliano, pengine kwa sababu huko mchoraji wake hakulazimika kuchora nyuso. William De Morgan, mfinyanzi Mwingereza aliyejulikana sana kwa mng'ao, alipokuwa akikaa Firenze miaka ya 1890 alifanya kazi pamoja na karakana hiyo. Ulisse alifariki Cairo mwaka 1901, na karakana ikaendelea bila yeye.

Alama ya jogoo imetokana na jina la ukoo, kwa kuwa Muitaliano akilisikia Cantagalli hulisikia kama jogoo awikaye. Ilichorwa kwa mkono, haraka, na wachoraji tofauti, ndiyo maana hakuna majogoo wawili wanaofanana kabisa: mmoja ana shingo ndefu, mwingine kishungi kikubwa, mwingine ni mistari sita au saba tu ambayo ungeidhani bata kama hukuambiwa. Wa kwako ni wa aina hiyo ya haraka. Wasomaji huniuliza mara kwa mara kama tofauti hizo zinaonyesha bandia. Hazionyeshi. Jogoo ambaye ningemtilia shaka ni yule aliyechorwa kwa uangalifu wa kupindukia, kila unyoya mahali pake, kwa sababu mchoraji aliyekuwa na vyombo mezani vinavyongoja hakuwa na nafasi ya kufanya hivyo.

Inafaa pia kuwatofautisha majogoo. Kiwanda cha Galvani cha Pordenone, kaskazini mashariki mwa Italia, nacho kilitumia jogoo, lakini kilitengeneza vyombo vya mezani vya bei nafuu, na alama yake ilipigwa kwa mhuri, kila mmoja sawa na mwenzake. Wenyeji wa Lamu na Unguja ambao bado wana mabakuli ya Maastricht, Uholanzi, ya bibi zao wanaujua mhuri wa namna hiyo: mistari yake ina unene mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, wala haina mahali ambapo brashi ilianza na kuishia. Huko Uholanzi karakana ya Arnhem ilichora jogoo katika karne ya 18, lakini vyombo vyake ni vya mtindo wa wakati huo wa Ulaya ya kaskazini na havifanani hata kidogo na sahani yako. Ukiunganisha jogoo wa mkono, glezi ya bati, mtindo wa Gubbio na neno “Italy”, anabaki Cantagalli peke yake.

Nirudi kwa Maestro Giorgio, kwa sababu hakika ungependa kujua ni nani aliyenakiliwa kwenye sahani yako. Giorgio Andreoli hakuzaliwa Gubbio. Alitoka Intra, kando ya Ziwa Maggiore, na mwaka 1498 alipewa uraia wa Gubbio pamoja na ndugu zake. Alifariki mwaka 1555. Vyombo vyenye herufi zake na mwaka vinaanza karibu na 1518 na kufika mwanzoni mwa miaka ya 1540. Nyuma ya vingi kati ya hivyo maandishi yameandikwa kwa mng'ao wenyewe, yakiwa na mapindo na mikia kama ilivyo kwenye sahani yako, na kwa jambo hilo mnakili alikuwa mwaminifu. Lakini lipo jambo moja kuhusu saini hiyo ambalo hata wauzaji wa minada hulipita haraka. Kwa kuwa mng'ao ulikuwa mgumu kuupata, wachoraji wa Urbino na Castel Durante walipeleka Gubbio vyombo walivyokwisha kuvichora na kuvioka, ili huko vitiwe dhahabu na wekundu. Zipo sahani zenye saini ya Francesco Xanto Avelli, mchoraji aliyejiandika “da Rovigo, in Urbino”, na papo hapo zina mng'ao wa Gubbio. Maana yake ni kwamba hata kama sahani yako ingekuwa ya mwaka 1525 kweli, herufi M°G° zingetuambia ni karakana gani iliyotia mng'ao. Mchoraji wa yule mtoto mwenye mabawa angebaki kuwa swali jingine.

Hapa ndipo wengi wanaposhika jina lisilo lake wanaposoma mgongo wa majolika. Kwenye mitungi ya dawa ya maduka ya zamani, maneno makubwa yaliyoandikwa mbele ni jina la dawa iliyokuwa ndani, marhamu, sharubati au maji ya maua, na nimeshaonyeshwa mtungi ambao mwenyewe aliamini umetengenezwa na bwana mmoja aitwaye “Ung.”, kumbe ni kifupi cha marhamu. Nyuma ya sahani zenye visa, maneno ya buluu mara nyingi yanaeleza kisa kilichochorwa mbele. Ngao na taji huweza kuwa za aliyeagiza chombo. Jina “Deruta” au “Vietri” ni la mji wenye karakana nyingi. Herufi N yenye taji, iliyokuwa ya kiwanda cha kifalme cha Napoli, ilitumiwa baadaye na viwanda vingi vya Italia na Ujerumani hata ikabaki karibu bila maana. Na hata jina la mtu likiwa wazi, ukoo unaweza kukuchanganya: Guido Gambone, aliyetoka Vietri sul Mare akahamia Firenze, na mwanawe Bruno, wote wawili waliandika “Gambone Italy”, na ni kijipunda kidogo kinachoandamana na maandishi ya baba ndicho kinachosaidia kuwatenganisha.

Je, Cantagalli alikuwa mghushi kwa kunakili hata saini? Kwa maoni yangu, hapana, maadamu jogoo yupo. Mteja wake alitaka nakala ya chombo kizima, mbele na nyuma, naye alimpa hivyo huku akiweka alama yake mahali pa kuonekana. Udanganyifu ulikuja baadaye, mikononi mwa wauzaji. Ukikutana na sahani ya namna hii isiyo na jogoo, tazama kama nyuma kuna mahali palipokwanguliwa: doa la ukubwa wa sarafu lisilong'aa, ambapo glezi ni nyembamba au udongo umechungulia, au ambapo pamepakwa rangi nyeupe iliyo laini kuliko glezi. Mgongo wa sahani yako hauna doa la namna hiyo. Walikuwapo pia mafundi ambao uwezo wao wa kuiga uliwatia mashakani wanunuzi wa wakati wao, na maarufu kati yao ni Ferruccio Mengaroni wa Pesaro, ambaye baadaye alijijengea jina kwa kazi zake mwenyewe na ambaye mwaka 1925, huko Monza, aliuawa na kazi yake, sanamu kubwa mno ya majolika ya kichwa cha Medusa, yule mwanamke wa hekaya mwenye nyoka badala ya nywele, iliyomwangukia ilipokuwa ikiandaliwa kwa maonyesho.

Kuna jambo moja zaidi la kutazama ukiwa na kioo cha kukuzia mkononi, nalo ni kijani cha majani ya ukingoni. Wachoraji wa karne ya 16 walikuwa na kijani cha shaba, ambacho huwa chenye kupenyeza mwanga na hukimbia kidogo kikiungua, na mara nyingi walikipata kijani kingine kwa kuchanganya njano ya antimoni na buluu. Kromi, metali inayotoa kijani kingine, iligunduliwa Ufaransa mwaka 1797, na kijani chake ni kizito, kimetulia, chenye wingi uleule kutoka ukingo mmoja wa jani hadi mwingine. Katika picha zako majani mawili ya upande wa juu yananionyesha kijani cha namna hiyo ya pili. Picha za simu hubadilisha rangi, nami singetoa hukumu kwa kijani peke yake. Lakini baada ya jogoo, neno “Italy” na ule mkia wa herufi, hakuna sababu ya kusita. Vilevile tazama mzingo wa kitako, pale sahani inapokalia. Chombo kilichosuguliwa na meza na rafu kwa karne tano huwa na uchakavu usio sawa, mikwaruzo ya pande zote na uchafu ulioingia ndani ya udongo. Mzingo wako umechakaa kidogo tu, tena zaidi upande mmoja, kama ilivyo kwa sahani iliyotundikwa miaka mingi ikiegemea ukuta.

Kuhusu mchoraji, yaani yule mtu aliyeshika brashi, alama ya jogoo haimtaji, kwa kuwa ni alama ya karakana. Wachoraji wa Cantagalli walikuwa waajiriwa, na wengi wao hawakuweka majina yao. Ukiona nyuma herufi ndogo au tarakimu pembeni ya jogoo, ziandike na uzihifadhi, kwa sababu tarakimu kwa kawaida ni namba ya umbo au ya mchoro na husaidia kuilinganisha sahani na nyingine. Katika picha zako sizioni, lakini kivuli cha kidole chako kimefunika robo ya chini. Pa kulinganishia ni Victoria and Albert Museum ya London, ambayo ina vyombo vya Cantagalli na vya Gubbio pia na imeweka picha zake mtandaoni, na jumba la kimataifa la makumbusho ya kauri la Faenza, lililoanzishwa mwaka 1908.

Yule kijana akikuomba umpe sahani aipeleke maabara kupimwa umri wa udongo, usikubali. Kipimo hicho kipo na hufanya kazi nzuri ya kutenganisha chombo cha miaka 500 na cha miaka 130, ila huhitaji kutoboa na kuchukua unga wa udongo, na hapa hakuna swali linalobaki la kujibiwa kwa tundu. Bei nayo isikutie pupa. Chombo cha kweli cha Maestro Giorgio chenye saini huuzwa mnadani kwa makumi ya maelfu ya dola, mara nyingine zaidi. Sahani ya Cantagalli yenye mng'ao na isiyo na ufa huuzwa kwa mamia ya dola, na zile kubwa na nzuri hupita hapo. Atakayekupa bei ya “sahani kuukuu ya kiwandani” leo, kesho anaweza kuiuza kama Cantagalli, au, akiwa hana haya, kama Gubbio baada ya kumkwangua jogoo.

Matunda usiweke. Glezi ya bati ya zamani ina risasi nyingi, na asidi ya machungwa, ndimu au maembe yasiyoiva huweza kuitoa risasi hiyo, hasa mahali glezi ilipopasuka nyufa nyembamba. Juu ya hayo, mng'ao ni utando mwembamba kuliko unyoya na kisu cha matunda kitauchana. Usiiloweke majini, kwani udongo wake hunywa maji kupitia mzingo wa kitako usio na glezi, na usiiguse kwa siki, kwa maji ya ndimu wala kwa dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Kitambaa laini chenye unyevu kidogo kinatosha. Nimeona katika picha kwamba bado inaning'inia kwa ule waya wa springi uliokuja nao. Uondoe. Waya wa namna hiyo hubana ukingo na kuutoa vigamba vya glezi, na kwa hewa ya bahari ya Malindi chuma chake kinaendelea kuliwa na kutu siku hadi siku hata siku moja kitaachia. Mwambie fundi seremala akuchongee kitegemeo cha mbao chenye mfuo uliotandikwa kitambaa, na uiweke mahali ambapo mlango ukipigwa na upepo hautaifikia.